Mkanda wa Sare Umehama Matundu Mawili: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kisukari na Kazi za Dharura

Barua tulizochagua mwezi huu zinatoka kwa askari wa zimamoto, polisi, wauguzi na madereva wa magari ya wagonjwa, kuanzia Dodoma mjini hadi Manyoni. Karibu zote zinauliza jambo moja: je, kazi hii inanipeleka kwenye kisukari? Majibu hayalingani urefu, kwa sababu baadhi ya barua zina hatari ambayo haifai kupitwa harakaharaka.

Mimi ni askari wa zimamoto hapa Dodoma mjini, miaka 38. Nilipomaliza mafunzo nilikuwa na kilo 71, sasa nina 92. Urefu wangu ni mita 1.72 na mkanda umehama matundu mawili. Tunaingia zamu ya saa 24. Wenzangu wanasema mtu wa zimamoto hapati kisukari kwa kuwa kazi yenyewe ni mazoezi. Marehemu baba alikuwa nacho. Nifanyeje?

Afande, wenzako wamekosea, na tunaomba uwasomee jibu hili mkiwa zamu.

Kazi ya zimamoto ni nzito, lakini uzito wake huja kwa vipande. Ukivaa vazi la moto na kubeba mtungi wa hewa mgongoni, unatembea na kilo 20 na ushee, na moyo unapiga karibu na kikomo chake. Moto ukizimika mnarudi kituoni kukaa na kusubiri simu ya 114 ilie tena. Dakika hizo chache haziwezi kuunguza chakula cha zamu nzima. Tena ni hatari kwa mwili ulionenepa: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 ulichambua vifo vya askari wa zimamoto waliofia kazini na kukuta asilimia 39 vilitokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kupambana na moto wenyewe huchukua asilimia 1 hadi 5 tu ya muda wao wa kazi, lakini asilimia 32 ya vifo hivyo vya moyo vilitokea hapo. Kitambi na sukari iliyopanda ni miongoni mwa vinavyouandaa moyo kwa siku hiyo.

Zamu nayo ina mambo yake matatu. La kwanza ni usingizi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana wenye afya nafasi ya kulala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo, na uwezo wa miili yao kuondoa sukari kwenye damu ukashuka waziwazi. La pili ni saa ya kula. Chakula kilekile kikiliwa usiku wa manane hupandisha sukari kuliko kikiliwa mchana, maana kongosho na misuli hufuata saa ya mwili, haifuati ratiba ya kituo. La tatu ni king'ora. Kikilia, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, na ini hutoa sukari kwenye damu ili misuli ipate ya kukimbilia. Mkifika mkakuta ni taarifa ya uongo, sukari ile imeshatoka na misuli haikuitumia.

Sasa vipimo. Uzito wako ukigawanywa kwa urefu mara urefu unatoa 31.1, na kuanzia 30 huo ni unene uliopitiliza. Hata hivyo, kwa kisukari tunaamini zaidi kiuno. Usipime pale mkanda wa suruali unapokaa, kwa sababu mkanda huteremka chini ya kitambi na kukupa namba ya kukufurahisha. Vua shati, simama wima, tafuta ubavu wa mwisho chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka futi ya fundi cherehani katikati ya hapo, toa pumzi kawaida bila kubana tumbo, ndipo usome. Kwa mwanamume hatari huanza sentimita 94 na huwa kubwa kuanzia 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Kipimo kingine chepesi: kiuno kisizidi nusu ya urefu, yaani kwako sentimita 86.

Sukari usiipime asubuhi unapotoka zamu. Umekunywa chai saa 9 usiku, hujalala, pengine mmetoka kwenye ajali; namba hiyo itakudanganya. Chagua asubuhi baada ya usiku wa mapumziko uliolala vizuri, ukae muda wa saa 8 hadi 10 bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji. Chini ya milimoli 6.1 kwa lita ni kawaida kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani kuelekea kisukari. Kuanzia 7.0, kama huna dalili, rudia siku nyingine, na ikijirudia hicho ni kisukari. Ukipewa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kisukari huanzia asilimia 6.5. Mwambie mpimaji kama una selimundu au upungufu wa damu, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuharibu jibu la kipimo hicho. Kwa kuwa baba alikuwa nacho, pima kila mwaka hata jibu la leo likiwa zuri.

Ukikutwa njiani, usikate tamaa, maana hapo ndipo juhudi hulipa zaidi. Mradi mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo 2002 ulichukua watu 3,234 waliokuwa na sukari ya aina hiyo. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, hasa kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, dawa ya kisukari, ilipungua kwa asilimia 31. Kwako asilimia 7 ni kilo 6.4. Hatukuambii urudi kwenye kilo 71 za mafunzoni. Lenga 85 na nusu ndani ya miezi sita.

Ukiwa zamu, kula mlo mkubwa kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri tumia maji au chai isiyo na sukari, na njaa ikikubana, yai la kuchemsha au karanga za kujaa kiganja zinatosha. Hesabu chai yako kwa uaminifu: vikombe vitano vya vijiko vitatu ni vijiko 15, kama gramu 60 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi takriban gramu 50 kwa siku, bora zaidi 25. Chai yoyote ikomee saa sita nzima kabla ya kulala; baada ya hapo ni maji tu. Ukitoka zamu, lala mapema asubuhi kabla jua la Dodoma halijachemsha bati, pazia zito dirishani, simu imezimwa.

Kwenye mazoezi kosa tunaloliona sana ni kuanza kwa kukimbia. Mtu wa kilo 92 anazunguka Uwanja wa Jamhuri wiki ya kwanza, goti linavimba, anaacha mwaka mzima. Pima presha kwanza, kisha anza na kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Baada ya wiki nne ongeza siku mbili za nguvu: kuchuchumaa na kusimama, pushapu, kuvuta mpira wa maji uliokunjwa. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, ikiwa imegoma. Ukibanwa kifua au kukosa pumzi kuliko kawaida, simama na uende hospitali siku hiyohiyo.

Na kama wenzako wanalalamika unakoroma na kukata pumzi usingizini, mweleze daktari. Kukata pumzi huko huvuruga sukari na presha, na unene wa shingo ni chanzo kimojawapo.

Shikamooni. Mume wangu ni polisi, tuko Kondoa. Sukari yake ya kufunga ilikuwa 6.6. Nimeacha ugali wa sembe, nampikia wa uwele na mlenda kwa kuwa nimeambiwa uwele hauna sukari. Soda ameacha, siku hizi anakunywa juisi ya zabibu. Mbona hapungui?

Marahaba, dada. Umefanya kazi kubwa, ila umepewa nusu ya habari.

Uwele una wanga karibu sawa na mahindi. Faida yake ni makapi yake, yanayochelewesha wanga kugeuka sukari, na faida hiyo hupotea ukikobolewa ukawa mweupe. Usage mzima, kama unavyosaga dona. Pamoja na hayo, donge la uwele la ukubwa wa kichwa cha mtoto bado ni mlima wa wanga. Tumia sahani ya kawaida, si sinia: nusu yake mlenda na mboga nyingine, robo maharage, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta, robo ya mwisho ugali usiozidi ngumi yake mwenyewe. Mlenda ni mboga nzuri sana. Punguza tu magadi, yana sodiamu inayopandisha presha kama chumvi.

Juisi ya zabibu ndiyo inayomrudisha nyuma. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai 8 hadi 9. Juisi halisi ya zabibu, hata isiyoongezwa kitu, ina sukari nyingi kuliko soda kwa kipimo kilekile. Zabibu zenyewe aendelee kula, punje 15 hivi kwa mara moja, azitafune na maganda.

Doriani, chipsi mayai ataikuta kila kona, kwa hiyo mtangulie kwa hotipoti. Choroko zilizochemshwa, mboga kavu na viazi vitamu viwili vidogo hukaa salama kwa saa nne hivi zikifungwa zingali moto sana. Usiweke chakula cha vuguvugu kwenye hotipoti asubuhi kikaliwe jioni. Huko ndiko tumbo huharibika, na mtu hurudi kwenye chipsi kwa kuogopa chakula cha nyumbani.

Mimi ni nesi wa dharura. Nilijipima kwa mashine ya kidoleni nikapata 13.2, nikaogopa sana. Nusu saa baadaye nikapata 5.7. Ipi ni ya kweli?

Dada, karibu tuna hakika ni ya pili, hasa kama kabla ya kujipima ulikuwa umeshika matunda. Maji ya zabibu, chungwa au embe yakibaki kidoleni huchanganyika na tone la damu na kupandisha jibu sana, na pamba ya spiriti haitoshi kuyaondoa. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, futa tone la kwanza, pima la pili.

Angalia pia stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu, zinakaa wapi. Nyingi zinatakiwa zisizidi nyuzi 30 za joto, na mbele ya gari lililoegeshwa juani Dodoma hupita hapo muda mfupi tu baada ya kuegeshwa. Kopo lifungwe mara unapotoa stripu. Na kumbuka mashine ya kidoleni ni ya kufuatilia; kumwambia mtu ana kisukari kunahitaji kipimo cha maabara.

Naendesha gari la wagonjwa kutoka Mpwapwa kuleta rufaa Dodoma. Nina kisukari miaka mitatu, natumia metformin na glibenclamide asubuhi na jioni. Mara nyingi nameza dawa, kabla sijala napigiwa simu nikamchukue mgonjwa. Njiani natetemeka, jasho linanitoka, macho yanaona ukungu. Nikinywa soda napata nafuu. Je, dawa ni kali?

Kaka, hii ndiyo barua iliyotutia wasiwasi kuliko zote. Unaendesha mgonjwa, muuguzi na ndugu wa mgonjwa huku sukari yako imeshuka. Tafadhali muone daktari wako wiki hii, na kabla ya hapo usiendeshe bila kupima.

Mhusika ni glibenclamide. Dawa hiyo hulazimisha kongosho kutoa insulini, chakula kiwepo kisiwepo, na nguvu yake hudumu muda mrefu. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari hivyo. Muulize daktari kama unaweza kubadilishiwa kwa dawa isiyoshusha sukari kwa kasi hiyo, na akupime figo, maana figo zikichoka glibenclamide hukaa mwilini zaidi. Usiiache mwenyewe kimyakimya. Ila sheria moja ianze leo: kidonge hicho kimezwe chakula kikiwa mbele yako tayari, na kama umeitwa kabla ya kula, kisimezwe mpaka utakapokaa mezani. Dozi iliyopita ikishapita, usiunganishe mbili.

Uingereza madereva wanaotumia dawa za aina hii hufuata kanuni tunayoiona inafaa hata barabara ya Mpwapwa. Pima kabla ya kuwasha gari. Ikiwa 5.0 au zaidi, endesha. Ikiwa kati ya 4.0 na 5.0, kula kitu kwanza. Chini ya 4.0 usiguse usukani. Safari ikizidi saa mbili, simama upime tena.

Dalili zikikushika barabarani, egesha pembeni, zima gari, toa ufunguo, hama kiti cha dereva. Pata gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, au glukosi ya unga ya dukani kiasi hichohicho. Soda isiyo na sukari haikusaidii, na chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Subiri dakika 15, pima. Ikiwa bado chini ya 4.0, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukaa tumboni, kama ndizi mbili au kipande cha mkate. Namba ikirudi sawa, subiri dakika 45 nyingine kabla ya kuendesha, kwa sababu ubongo huchelewa kurudi kuliko damu. Tunajua nyuma kuna mgonjwa. Ndiyo maana muuguzi unayesafiri naye lazima ajue hali yako, na mkuu wako wa kituo apange dereva wa akiba kwa rufaa za usiku.

Waambie pia wenzako wasidhani umelewa. Sukari ikishuka sana mtu huongea ovyo, hubisha, hukataa soda. Akizimia, asipewe kitu mdomoni, ataweza kupaliwa. Alazwe ubavu na apelekwe kuwekewa dripu ya glukosi. Pombe baada ya kazi, bila kula, ukiwa umemeza glibenclamide, inaweza kukushusha usiku ukiwa usingizini.

Mimi ni polisi, Manyoni, miaka 29, kilo 61 na urefu mita 1.75. Nilikuwa na 70. Nakunywa maji mpaka wenzangu wananishangaa, usiku naamka mara tano kukojoa. Kitambi sina, kwa hiyo kisukari si changu, sivyo?

Sivyo, ndugu yetu. Nenda ukapime leo, siyo mwisho wa mwezi, na usisubiri kufunga. Ukiwa na dalili hizo, sukari ya wakati wowote ikifika 11.1 inatosha kukitambua kisukari.

Kitambi huongeza hatari, lakini wembamba si kinga. Barani Afrika watu wembamba hupata kisukari cha aina ya pili, na aina ya kwanza inaweza kuanza hata ukubwani. Kupungua kilo tisa pamoja na dalili hizo kunaweza kuonyesha mwili umekosa insulini na unachoma mafuta na misuli yake wenyewe. Omba wapime na ketoni, mabaki ya mafuta yanayochomwa hivyo, kwenye mkojo. Ukianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu na kwa kina, au pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo; piga simu upelekwe hospitali.

Waombe pia wakupime kifua kikuu. Nacho hupunguza uzito, na mwenye kisukari hatari yake ya kukipata ni mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine.

Nina kisukari miaka tisa na bado niko zimamoto. Miguu imeanza kufa ganzi. Nitaruhusiwa kuvaa buti?

Utavaa, lakini mguu wenye ganzi hauwezi tena kukuambia buti lina moto au lina msumari. Daktari akupime ganzi hiyo kwa uzi maalumu wa gramu 10, na akisema hisia imepotea, omba upangiwe kazi isiyokuweka juu ya vifusi vya moto.

Kila unapovaa, kung'uta buti, ingiza mkono mpaka kidoleni ukipapasa kokoto, uzi au mshono uliofumuka. Soksi ziwe za pamba, kavu, na uwe na jozi ya pili kwenye begi, kwa sababu buti la mpira hulowa jasho hata bila maji ya kuzimia moto. Ukirudi, osha miguu kwa maji ya kawaida. Usiyapime kwa mguu, pima kwa kiwiko. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini ya wayo lakini si katikati ya vidole, panapoota fangasi. Weka kioo sakafuni uone nyayo, au mwombe mama watoto akuangalizie. Sugu usikate kwa wembe. Lengelenge likitokea, usilipasue, usilivalie buti, na uwe hospitali ndani ya siku moja hata kama haliumi.